Je, "Ndorobo" ni Jina la Kabila au ni Tusi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Nakuru, kwenye vijiji vinavyopakana na msitu wa Mau. Anaeleza kwamba wanafunzi wake humwita "Ndorobo" mtoto yeyote anayefika shuleni akiwa na sare iliyochanika. Juzi msichana mmoja wa jamii ya Ogiek, wawindaji na warina asali wa msitu huo, alilia kwa ajili ya jina hilo na akakataa kurudi darasani. Mwalimu alipokwenda nyumbani kwao kuomba radhi, babu wa msichana alijitambulisha mwenyewe, tena kwa fahari, kuwa "Mdorobo wa Mau". Anauliza jina hili limetoka wapi, kama ni kweli kwamba maana yake ni mbung'o, na kama inafaa alipige marufuku shuleni.

Mwalimu, nitaanza na mbung'o, kwa sababu hilo ndilo jambo jepesi kulimaliza. Kiswahili kina maneno mawili yanayofanana kwa sauti: ndorobo, yule mdudu anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na Mdorobo au Mndorobo, ambaye wingi wake ni Wandorobo. Wanaoyaunganisha husema kwamba ng'ombe hafugiki penye ndorobo, kwa hiyo watu wasio na ng'ombe walipewa jina la mdudu aliyewanyima ng'ombe. Maelezo haya yanavutia, lakini yanavunjika mara moja ukiyapeleka mahali penyewe. Waogiek wa Mau ni watu wa nyanda za juu, wa misitu iliyo kati ya mita 2,000 na karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na huko baridi haimruhusu mbung'o kuishi. Jirani anayemtazama mwindaji wa Mau akishuka kutoka kwenye mianzi na ukungu hangekuwa na sababu ya kumpa jina la mdudu wa nyika yenye joto. Kufanana kwa sauti si ushahidi, na katika jambo hili jiografia inashuhudia kinyume.

Asili ya jina imo katika Kimaa, lugha ya Wamaasai na Wasamburu. Mtu mmoja huitwa ol-toroboni, na wengi huitwa il-torobo. Jina hilo halitaji damu wala ukoo wala lugha ya mtu, bali linataja hali yake: huyu hana ng'ombe, na kwa kuwa hana ng'ombe anakula nyama ya porini. Ili uelewe uzito wake ni lazima usimame mlangoni pa boma la mfugaji na kutazama nje. Kwa mfugaji wa Kimaasai wa karne ya 19, ng'ombe hakuwa mali tu. Alikuwa ndiye mahari, sadaka, urafiki na chakula, na mtu asiye naye alikuwa amepungukiwa na kitu ambacho sisi leo tungekiita utu kamili. Masimulizi ya asili ya Wamaasai, yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, yanaliweka jambo hili hadi kwenye uumbaji. Mungu alikuwa akiwashusha ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, na Mdorobo akaharibu kazi hiyo. Katika simulizi moja alipiga ukelele wa mshangao na ng'ombe wakakoma kushuka, na katika nyingine aliukata ukanda kwa mshale. Kwa hiyo umaskini wake ulionekana kuwa ni adhabu ya kosa lake mwenyewe, na jina likabeba umaskini pamoja na lawama.

Hata hivyo, nakuomba usiwachore Wamaasai kuwa watu waliowadharau majirani zao na kuwaepuka, kwa sababu uhusiano wao ulikuwa na mambo mengi kuliko hayo. Asali iliyohitajika katika sherehe za Wamaasai ilitoka msituni. Ngao za ngozi ya nyati zilitoka kwa hao hao wawindaji, na mara nyingi mtahiri aliyewatahiri vijana wa Kimaasai alikuwa Mdorobo, maana kazi ile ya kumwaga damu haikufaa kufanywa na mtu wa boma. Mtu aliyedharauliwa kwa jina ndiye aliyeshika kisu siku ambayo kijana wa Kimaasai alivuka kuingia utu uzima. Dharau na utegemezi vililala kitanda kimoja, na nadhani ndiyo maana jina liliweza kudumu kwa vizazi vingi bila kugeuka kuwa vita.

Jambo la pili ambalo hupotea katika maelezo mengi ni kwamba hali hii ilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mnamo 1890 na 1891 sotoka iliwaangamiza ng'ombe wa Wamaasai, kisha ndui ikafuata, na kipindi hicho Wamaasai wenyewe hukiita emutai, yaani maangamizi. Familia zilizobaki bila mnyama hata mmoja zilitafuta hifadhi kwa Wakikuyu waliolima, na nyingine ziliingia porini kuwinda pamoja na il-torobo. Wakati huo nao walikuwa il-torobo, kwa maana ya neno lenyewe. Walipopata tena mitamba, waliliacha jina kama mtu anavyovua nguo ya msiba. Kwa upande wa pili, Mwogiek aliyeweza kukusanya mifugo na kumwoza binti yake kwa wafugaji aliweza kuona wajukuu wake wakihesabiwa kuwa Wamaasai. Jina lilikaa juu ya hali, na hali ilibadilika.

Wenyewe waliokuwa msituni walikuwa na majina yao. Waogiek, au Okiek, wanasema lugha ya jamii ya Kalenjin, na jina lao ni moja na la Waakie wa Tanzania, wanaoishi Kiteto, Simanjiro na Kilindi, mamia ya kilomita kutoka Mau. Jina linalopatikana pande zote mbili za mbuga kubwa za Wamaasai, likiwa limehifadhiwa na watu ambao majirani zao wote wanawaita kwa jina jingine, ni dalili ya kale sana. (Utasikia pia kwamba "Ogiek" maana yake ni "mlinzi wa mimea na wanyama wote". Ni tafsiri nzuri, na inaeleza vyema namna jamii inavyotaka kujulikana leo, lakini mimi siichukulii kuwa ndiyo chanzo cha neno.) Huko Mau walikuwa na mpango wa ardhi ulio wazi: kila ukoo ulikuwa na eneo lake, konoito, lililopanda mlima kama utepe kutoka msitu wa chini hadi kwenye mianzi, kwa sababu maua hayachanui kwa wakati mmoja katika kila kimo, na mtu wa asali ni lazima amfuate nyuki anakokwenda. Mizinga ilichongwa kwa mti wa mtarakwa na kupachikwa juu ya miti mirefu, na mzinga wa mtu ulijulikana. Mfugaji aliyetazama kutoka nje aliona watu wanaotangatanga porini bila mali, ilhali wao walikuwa wakitembea ndani ya mipaka yao.

Je, neno la Kimaa lilifikaje katika Kiswahili na katika vitabu? Lilipitia biashara ya pembe. Misafara iliyotoka pwani katika karne ya 19 kwenda bara kupitia nchi ya Wamaasai ilihitaji wawindaji wa tembo, na waliowinda tembo walikuwa ndio hao. Wapagazi na wakalimani Waswahili walilipokea jina kutoka kwa Wamaasai, wakaliweka katika ngeli ya watu, likawa Wandorobo. Wazungu waliofuata njia zile zile, wakitegemea wakalimani wale wale, waliliandika kama walivyolisikia: Joseph Thomson, aliyepita Umaasai mwaka 1883 na 1884, aliandika "Andorobbo". Hapa ndipo jambo kubwa lilipotokea kimyakimya. Katika Kimaa neno lilitaja hali. Kiswahili, kwa kuliwekea kiambishi wa- kama katika Wakamba na Wachaga, kililifanya lisikike kama jina la kabila. Msomaji wa London aliyelikuta kwenye ramani hakuwa na njia ya kujua kwamba anasoma neno lenye maana ya "wasio na ng'ombe". Sisi wa lugha hii tunao mfano wetu mwingine wa karibu zaidi: watu wa pwani waliwaita majirani zao wa bara Wanyika, yaani watu wa porini, na jina hilo likaingia katika vitabu na ofisi hadi wenyewe walipolikataa na kujiita Mijikenda katika miaka ya 1940.

Baada ya msafara ikaja karatasi, na karatasi ndiyo iliyofunga ule mlango niliousema. Mikataba ya Waingereza na Wamaasai ya 1904 na 1911 iliwapangia Wamaasai hifadhi zao, na makabila mengine yalichorewa mipaka yao, lakini Waogiek wa Mau hawakupewa mahali. Serikali ya kikoloni ilifikiri kwa namna hii: ardhi ni ya kabila, kabila lina chifu na hifadhi, na Wandorobo ni mabaki ya watu waliokimbilia msituni. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyofanya kazi yake kati ya 1932 na 1934 chini ya Sir Morris Carter, ilipendekeza kwamba kila inapowezekana Wandorobo wahamishiwe katika hifadhi za makabila wanayokaribiana nayo na wamezwe humo. Nasisitiza hapa, Mwalimu, kwa sababu hili ndilo linalojibu swali lako kuhusu tusi. Jina lililomaanisha "asiye na ng'ombe" lilisomwa na serikali kuwa "asiye na kabila", na asiye na kabila, kwa hesabu ya wakati ule, alikuwa hana ardhi. Msitu ukawa wa serikali na aliyekuwa mwenye msitu akawa mvamizi.

Kuna kinaya ambacho sijawahi kukizoea kila ninapoyasoma mambo ya tume hiyo. Wakikuyu wa Kiambu walipodai ardhi iliyochukuliwa na walowezi, hoja yao kuu ilikuwa kwamba babu zao waliinunua kwa mbuzi kutoka kwa wawindaji, Aathi au Wandorobo, tena kwa sherehe ya kufanywa ndugu kati ya muuzaji na mnunuzi. Yaani katika faili moja Mndorobo ni mwenye ardhi ambaye uhalali wa mashamba ya watu wengine unategemea mkono wake, na katika faili la pili ni mtu wa kuhamishwa kwa kuwa hana kwao.

Ukitaka kujua aibu ya jina inaweza kufanya nini, tazama Laikipia. Katika msitu wa Mukogodo waliishi Wayaaku, waliokaa mapangoni, wakafuga nyuki na kusema lugha ya Kikushi (jamii moja na Kisomali), isiyohusiana kabisa na Kimaa. Mahari kwao ilikuwa mizinga. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wakiwa wamezungukwa na wafugaji wasemao Kimaa, mabinti zao walianza kuolewa nje kwa mifugo, na vijana wa Kiyaaku wakajikuta hawawezi kuoa kwa mizinga tena. Ilibidi nao watafute ng'ombe na mbuzi. Walipopata mifugo walichukua na lugha ya mifugo, na katika kizazi kimoja tu Kiyaaku kiliacha kufundishwa watoto. Waliacha mapango, mizinga na lugha, na baada ya yote hayo majirani waliendelea kuwaita il-torobo. Bei waliyolipa ili waondokewe na jina ilikuwa lugha nzima, na jina halikuondoka. Upande wa Tanzania, Kiaasax, lugha nyingine ya Kikushi ya watu walioitwa Wandorobo, ilitoweka katika miaka ya 1970.

Waogiek wa Mau walihifadhi lugha yao, lakini walifuatwa na mzigo ule mwingine, ule wa karatasi. Mwezi Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 waondoke msituni. Shauri lilipelekwa katika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, nayo ikalifikisha kwenye Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Miongoni mwa hoja za serikali ya Kenya ilikuwa kwamba Waogiek si jamii ya pekee na kwamba wa leo si wale wa zamani, kwa kuwa wamebadili maisha yao. Ukisikiliza kwa makini, hoja hiyo ni mwangwi wa tume ya Carter. Hukumu ya tarehe 26 Mei 2017 iliikataa: Mahakama ilitamka kwamba Waogiek ni jamii ya asilia iliyo sehemu ya watu wa Kenya na yenye hali ya kipekee, kwamba kuwanyima utambuzi waliopewa makabila mengine kulikuwa ubaguzi, na kwamba uharibifu wa msitu haukuthibitishwa kuwa umetokana nao. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama iliamuru fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali, pamoja na kuwapimia na kuwapa hati ya ardhi yao ya asili. Kutekelezwa kwa amri hizo ni habari nyingine, na si ya kufurahisha.

Mlima Elgon una sura yake ya kisa hiki. Upande wa Kenya na wa Uganda, watu waliokaa juu, kwenye vilele vyenye nyasi na ukingo wa msitu, huitwa kwa jina linalotokana na neno mosop, yaani nyanda za juu, na majirani wa chini wakawaita Ndorobo. Wale wa Uganda, wanaojulikana leo kama Wabenet au Mosopisiek, walilikataa jina hilo waziwazi, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Uganda iliwatambua kuwa wakazi wa asili wa eneo lao. 

Hapo nataka nikulinganishie na watu wa milima ya Cordillera, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, ambao huitwa Igorot. Jina hilo nalo lilibebeshwa dharau. Mwaka 1904 watu wao walipelekwa Marekani na kuonyeshwa katika maonyesho ya St. Louis, na baadaye wapo Wafilipino wa nyanda za chini waliodai kwamba Maigorot si wenzao. Lakini wengi wa watu hao wamelichukua jina na kulivaa kwa fahari, na mimi naona sababu moja ni kwamba shina lake halina hukumu ndani yake: golot ni safu ya milima, na Igorot ni mtu wa milimani tu. Dharau ililijia kutoka nje na inaweza kupanguswa. "Ndorobo" ni tofauti. Hata ukilipangusa mara ngapi, ndani yake kumebaki mtu anayepimwa kwa ng'ombe asiokuwa nao. Jina la Elgon linalofanana na Igorot ni Mosop, na si ajabu kwamba hilo ndilo lililopendwa.

Sasa babu. Usimsahihishe, hasa mbele ya mjukuu wake. Kizazi chake kilikua katika nchi ambayo chifu, karani, mfanyabiashara na kitabu cha sensa vyote vilimwita Mdorobo, na kwa Kiswahili hakuwa na jina jingine ambalo mgeni angelielewa. Anapolitamka mbele yako, mwalimu kutoka nje ya jamii, inaelekea anasema, "Mimi ni wa msitu huu tangu kabla yenu." Neno lake na neno la watoto uwanjani yanaandikwa kwa herufi zile zile, lakini yeye analisema akiwa ndani ya konoito yake, na wao wanalisema wakiwa mlangoni pa boma.

Kuhusu marufuku, ningekushauri uyatenganishe mambo mawili. Uwanjani, mtoto anayemdhihaki mwenzake kwa sare iliyochanika aadhibiwe kwa dhihaka hiyo, kama ambavyo angeadhibiwa kwa kumcheka kiwete; usimwambie kwamba kosa lake ni kutaja kabila la watu, maana kwa kusema hivyo utakuwa umemthibitishia kwamba lipo kabila liitwalo Umaskini. Darasani na katika rejista tumia Ogiek, tena usingoje siku ya ugomvi: ukifundisha misitu, fundisha mizinga ya mtarakwa na vimo vya maua, na watoto wote wajue kwamba elimu hiyo ina wenyewe na wenyewe wanakaa nao dawati moja.

Lakini katika somo la historia jina libaki, na lielezwe. Ripoti ya tume ya Carter ya 1934, ramani za misitu, barua za maofisa wa wilaya na maelezo ya wasafiri hazimtaji Mwogiek hata pale zinapomwona kwa macho, zinamtaja Mdorobo. Mtu wa Mau anayetaka kuonyesha kwamba babu yake alikuwa kwenye bonde fulani kabla ya msitu kutangazwa kuwa wa serikali atalikuta jina hilo kwenye karatasi, na akiwa amefundishwa kwamba ni tusi la kufutwa, ataipita karatasi yake mwenyewe bila kuitambua. Msichana wako akirudi darasani, unaweza kumwonyesha ukurasa mmoja wa aina hiyo, na kumwomba amuulize babu yake ni mlima upi unaotajwa pale, na mizinga ya nani ilikuwa juu yake.